Kibanio cha Njano

Palma, 4 Juni 2001

Kwa shemeji yangu Elisha,

Salaam nyingi kutoka ng'ambo ya mto. Mimi mzima, Veronika mzima, watoto wazima, mbuzi wawili nao wazima; wa tatu tulimla Pasaka. Hofu ni kwako wewe na presha yako. Shangani hamjambo? Bado unatembea jioni na ile redio ndogo sikioni, au umestaafu na hilo pia?

Najua nimekosa adabu kukaa miaka minane bila kukuandikia. Salamu za mdomo kupitia Celia hazihesabiki. Celia anauza kanga na sabuni pande zote mbili za Ruvuma, na salamu zetu zinafika zimeshachanganyika na bei.

Sasa nina jambo. Ermelinda anaolewa. Kijana anaitwa Mauricio, mwalimu wa shule ya msingi, mpole mpaka unamhurumia. Ndoa ni Jumamosi tarehe 27 Oktoba. Wewe umekaa na sisi, desturi yetu unaijua: baba mzazi siku hiyo ni mgawa viti tu. Anayekaa mkekani mbele ya wakwe na kusema "mtoto ni wetu, tunawapa, mtutunzie" ni mjomba. Asipokuwepo, mkeka haukunjuliwi. Ermelinda hana mjomba mwingine, na mimi sina wa kuazima.

Juzi nilipita dukani nikasikia harufu ya mafuta ya nyonyo, nikasimama katikati ya njia kama mjinga. Nilikumbuka tulivyokuwa tukiyachanganya na spiriti kwa ajili ya zile ndege ndogo za kurushwa kwa rimoti alizotuachia injinia wa mradi wa maji, nguo zetu zinanuka wiki nzima, Veronika anatufukuza jikoni. Sijui kwa nini nimeandika hili. Nijibu kuhusu mkeka.

Shemeji yako,
Manuel

*

Shangani, Mtwara, 30 Juni 2001

Kwa shemeji Manuel,

Nashukuru kwa barua yako, niliyoipokea tarehe 22 mwezi huu. Mimi sijambo, isipokuwa presha, magoti, na jino moja la nyuma. Nimefurahi sana kusikia habari ya Ermelinda. Nilimwacha ana meno ya mbele yaliyopishana na leo anaolewa.

Kuhusu safari, naona itakuwa vigumu. Daktari hataki nipande lori. Pia sina hati ya kusafiria, na ofisi unazijua. Tena ule mtumbwi wa kuvukia mto pale Kilambo una viboko pembeni, na mimi si mtu wa maji. Mimi ni mtu wa milima ya Njombe niliyeletwa pwani na barua ya uhamisho.

Napendekeza Josephu, binamu yetu wa Ufukoni, aje kwa niaba yangu. Ni mtu mzima, anaongea vizuri kuliko mimi, na ana koti. Nimempa Celia vitenge pea mbili vya bibi harusi.

Msalimie mdogo wangu. Mkono wake unaendeleaje?

Shemeji yako,
Elisha

*

Palma, 15 Julai 2001

Kwa shemeji,

Hatujambo, na wewe najua hujambo, maana Celia amekuona ukipanda ngazi kurekebisha antena ya jirani. Magoti gani hayo yanayopanda ngazi na hayapandi lori?

Vitenge vimefika. Ni vizuri. Ermelinda alivishika, akaniuliza, "Baba, mjomba amefanya nini mpaka haji?" Josephu nampenda, lakini Josephu ni binamu. Wakwe watauliza kama mjomba amekufa, na mimi siwezi kusema uongo mkubwa hivyo kwenye harusi.

Mkono wa Veronika uko vile vile. Analima, anafua, anasuka. Haupandi kupita bega, basi.

Nitasema wazi sasa, maana kalamu haina aibu kama mdomo. Tangu ile Jumapili ya Agosti 1993 kule majaruba ya chumvi hujawahi kuniangalia usoni. Ulikuja hospitali, ukaweka machungwa kitandani, ukamwangalia dada yako, ukaangalia dirisha, ukaondoka. Miezi mitatu baadaye tulihama kuja huku na hukuja kutuaga. Nimejiambia mengi kuhusu sababu yake. Niambie wewe. Lolote utakalosema nitalistahimili.

Shemeji yako,
Manuel

*

Shangani, 19 Agosti 2001

Manuel ndugu yangu,

Leo sikuulizi hali. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Siku ile ni mimi niliyemvunja mkono Veronika.

Nieleze taratibu, kama ripoti, maana ripoti ndiyo ninayoiweza. Rimoti yako na yangu zote zilikuwa na kristali ya njano, kile kijipande kinachoweka masafa. Ndiyo maana injinia alituachia ule ubao wa vibanio vya nguo alivyovipaka rangi. Rangi moja, kibanio kimoja. Hujabana kibanio kwenye kola yako, huwashi rimoti, hata kwa sekunde moja, kwa sababu rimoti mbili za rangi moja zikiwaka, ndege iliyoko juu haijui imsikilize nani. Mimi ndiye niliyekuwa mkali kwa sheria hiyo kuliko wote. Nilimfukuza Rashidi uwanjani mwezi mzima kwa kuivunja.

Siku hiyo tulikuwa tushindane mimi na wewe, mizunguko kumi kuzunguka milingoti mitatu. Kwa hiyo asubuhi ilinipasa nitoe kristali zangu za njano na kuweka za kijani, kwenye ndege na kwenye rimoti. Ya kwenye ndege nilibadilisha. Ya kwenye rimoti sikumbuki. Manuel, nimekaa miaka minane nikijaribu kuukumbuka mkono wangu ukifanya kitu kile, na sikumbuki.

Uliirusha ndege yako kwa majaribio, kibanio cha njano kwenye kola yako, mahali pake. Veronika alikuwa kwenye mlingoti wa mbali na bendera nyekundu, kukuonyesha pa kukatia kona. Ndege yako ilikuwa inakata upepo, na mimi nikaingiwa na wivu. Nikataka kuwa tayari haraka. Nikawasha rimoti bila kuangalia ubao, bila kibanio chochote. Nilikuwa sijaondoa kidole kwenye swichi niliposikia watu wanapiga kelele kwamba ndege imempiga Veronika.

Nilizima. Nikaificha kwenye koti. Usiku huo nikaifungia kwenye sanduku la bati, na haijafunguliwa mpaka leo. Ningeweza kufungua siku yoyote nikaona rangi ya kristali. Sikufungua. Ikiwa ni ya njano, basi nitajua kwa hakika, na nilikuwa sitaki kujua kwa hakika.

Watu walisema wewe ndiye uliyeirusha chini mno. Nilisikia wakisema hivyo, tena mbele yangu, nikanyamaza. Hilo ndilo baya kuliko lile la swichi.

Sasa niambie, mtu kama huyo atakaa vipi mkekani aseme "mtutunzie mtoto wetu"?

Elisha

*

Shangani, 25 Septemba 2001

Kwa shemeji Manuel,

Natumaini mko salama. Celia amekuja na kurudi mara mbili, na mara zote mbili nimemuuliza kama ana bahasha yangu. Mara ya pili alinihurumia akanipa sabuni ya bure.

Nimeelewa. Sikulaumu hata kidogo. Josephu yuko tayari, koti amelipeleka kwa dobi. Naomba tu usimwambie Ermelinda sababu mpaka baada ya harusi.

Elisha

*

Palma, 2 Oktoba 2001

Kwa shemeji yangu mpumbavu,

Hatujambo! Hatujambo kabisa! Mwambie Josephu avae hilo koti kanisani kwao huko huko Ufukoni.

Nisikilize. Barua yako niliisoma nikiwa karakana, nikakaa juu ya mbao. Nikaiweka mfukoni, nikamwambia Veronika nakwenda shamba, nikakaa shamba siku tisa. Nilikuwa sina hasira na wewe. Nilikuwa naona aibu. Kwa sababu, shemeji, siku ile ni mimi niliyemvunja mkono mke wangu.

Asubuhi ile kipande cha mkia, kile kinachopandisha na kushusha ndege, nilikiona kina ufa. Gundi nzuri aliyotuachia injinia ilikuwa imekwisha. Nikapaka gundi ya mbao, hii yangu ya kuungia viti, ambayo inataka siku nzima kukauka. Mimi niliipa saa mbili. Fundi seremala, mwenye miaka ishirini kazini, na najua gundi! Lakini nilitaka kukushinda mbele ya watu. Ndege ilipokataa kunisikiliza nilijua moja kwa moja: mkia umeachia.

Nikayakusanya mabaki kwenye gunia kabla hujayaona. Na wewe ulipoangalia dirisha pale hospitali, nilijua umeshajua. Nikasema, shemeji amegundua, anangoja niseme mwenyewe. Nikashindwa. Nikahama. Watu wanadhani nilirudi huku kwetu kwa sababu vita vilikwisha na amani ikaja. Amani ilinisaidia tu kupata kisingizio.

Niliporudi kutoka shamba nilikuwa nimeamua kukuandikia. Nikakuta Veronika amefua suruali yangu ya kazini. Barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa ile suruali. Siku ya mwisho kule nilibadilisha nguo nikamtuma mtoto nyumbani na nguo chafu. Usicheke. Amekaa mlangoni, barua mapajani. Nikamwambia na la kwangu lote, la gundi. Basi alivyotucheka! Alicheka mpaka akashika mlango. Halafu akalia kidogo. Halafu akaninyang'anya kalamu. Sasa anaandika yeye.

Kaka Elisha, shikamoo. Ni mimi mdogo wako.

Miaka minane wanaume wawili mnagombania kuwa mmenivunja mkono, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi niliona nini. Mimi ndiye niliyekuwa pale! Ilikuja kwangu!

Mnakumbuka siku Rashidi alipowasha bila kibanio wakati ndege ya injinia iko juu? Ile ndege ilitetemeka kama mtoto mwenye degedege, mara huku mara kule, mpaka alipozima. Na mnakumbuka ile iliyokatika mkia mwaka wa kwanza? Ilichoma pua chini hapo hapo. Ya Manuel haikufanya hivyo wala hivyo. Ilikuja imenyooka. Injini inalia ile ile, bawa limetulia, haipandi, haishuki, inakuja tu kama mgeni anayejua nyumba. Nikapandisha bendera, haikukata kona. Nikaipandisha tena. Ningelala chini ningepona, lakini nilikuwa naona mkia wake vizuri, mzima, nikasema Manuel ataikata tu. Ndipo ikanipata.

Ndege ile ilikuwa imeacha kusikia. Haikuwa inasikia watu wawili, na haikuwa imevunjika. Ilikuwa kiziwi. Kwa nini, mtajua ninyi mafundi. Gunia lipo darini. Nimemwambia mume wangu alishushe leo, asile kabla ya kulifungua.

Mdogo wako, Veronika

Mimi tena, Manuel. Nimelifungua. Bawa vipande vipande, pua imepondeka, lakini mkia, shemeji, mkia umekaa kwenye gundi yangu mpaka leo! Nimeuvuta, umekataa. Gundi ya viti!

Halafu nikafuata waya za betri. Ule mweusi, kwa nje mzuri. Nilipouinua ukakatika mkononi mwangu kama kijiti kikavu. Nikauchuna: shaba ndani imeliwa yote, nyeusi tii kama masizi ya sufuria, kuanzia kwenye betri mpaka kwenye swichi. Nimekufungia kipande humu. Wewe ndiye mtu wa redio, niambie nimeona nini.

Na ufungue hilo sanduku, mzee. Sasa hivi. Usinywe hata chai.

Shemeji yako,
Manuel

*

Shangani, 10 Oktoba 2001

Kwa shemeji Manuel na mdogo wangu Veronika,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Nimekipokea kipande cha waya. Nimekiweka chini ya taa nikakiangalia nusu saa nzima. Kazini kwetu tuliziona kama hizo kwenye redio zilizokaa karibu na bahari. Betri ya kuchaji ikivujisha kidogo, sumu inatambaa ndani ya waya mweusi, ndani kabisa, na nje huoni kitu. Unaweza kuipima leo ikasoma vizuri, kesho ikakata. Ikikata, ndege haina moto wa kusikilizia, na kila kitu kinabaki kilipokuwa mara ya mwisho: bawa limenyooka, injini wazi. Inakuja imenyooka. Kama alivyosema Veronika, neno kwa neno. Hakuna gundi hapo wala kristali. Tulikuwa na betri za injinia zenye miaka kumi na kitu, kwenye majaruba ya chumvi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaza kuchuna waya.

Sanduku nimelifungua. Sikulifungua siku ile ile, nikiri. Nililala nalo chini ya kitanda siku mbili zaidi. Jana asubuhi baada ya ibada nilimwomba jirani yangu Mwanakombo asimame mlangoni, bila kumwambia kwa nini, nikafungua. Kufuli limeshika kutu, nikatumia nyundo. Rimoti imejaa ukungu. Nikatoa kifuniko cha nyuma.

Ni ya kijani.

Niliibadilisha, Manuel. Asubuhi ile mkono wangu uliibadilisha na kichwa hakikuandika. Nilikaa chini sakafuni nikalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, na Mwanakombo akaanza kuomba dua akidhani nimepata barua ya msiba. Nikamwambia hapana, mama, leo nimefufuka. Akaniletea uji.

Kosa la kuwasha bila kibanio bado ni langu, na la kunyamaza ni langu pia. Hayo nitayasema mbele yenu kwa mdomo. Lakini usiku wa kuamkia leo nimelala mpaka saa mbili asubuhi, na sikumbuki mara ya mwisho kulala hivyo.

Hati ya kusafiria imetoka. Kumbe ofisi ni siku mbili tu ukienda. Nakuja na ndege yangu, ubao wa vibanio, na betri mpya nilizoziunga mwenyewe, waya zote nimechuna nikaangalia. Wewe unga bawa. Mkia usiuguse.

Mwambieni Ermelinda akunjue mkeka.

Shemeji yako na kaka yako,
Elisha

*

Shangani, 12 Novemba 2001

Kwa shemeji Manuel,

Nimefika salama. Viboko niliwaona wanne, hawakuonyesha nia yoyote na mimi. Lori liliharibika mara moja tu. Mkifika ukweni kwa Ermelinda mpeni salamu, na mwambieni Mauricio kwamba niliposema "mtutunzie" nilikuwa namwangalia yeye na si baba yake.

Watu hapa wananiuliza harusi ilikuwaje, na mimi najikuta nawasimulia Jumatatu iliyofuata. Kiwanja cha mpira, milingoti mitatu ya mianzi, shule nzima imefungwa kwa amri ya bwana harusi. Nimeshindwa mizunguko kumi kwa sita, na gundi ya viti. Sijawahi kushindwa nikafurahi namna ile. Veronika kwenye mlingoti wa mbali, bendera mkono wa kushoto, anatukana kila ninapochelewa kona.

Sasa kuna jambo dogo. Njia nzima watu walikuwa wananiangalia. Yule ofisa wa uhamiaji aliniangalia akatabasamu. Kwenye lori mama mmoja alitaka kuniambia kitu akaacha. Nimefika nyumbani, nimevua shati, ndipo nikakuta kibanio cha njano kwenye kola yangu, upande wa nyuma.

Kibanio cha njano ni chako. Mimi natumia cha kijani, na sikukigusa cha kwako. Nimefikiri sana nani alikibana. Nikakumbuka pale mtoni, wakati wa kuagana, Veronika alinyanyua mkono wa kulia akanitengeneza kola. Mkono ule uliovunjika haupandi kupita bega. Kola yangu ndipo ilipo.

Kwa hiyo, shemeji, unaijua sheria. Kibanio kipo kwangu. Usiwashe mpaka nije.

Shemeji yako,
Elisha